Kale Isiyo na Tarehe: Aniceti Kitereza na Riwaya ya Zama za Kabla ya Maandishi



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu riwaya moja na neno moja. Riwaya ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ya Aniceti Kitereza, iliyochapishwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Neno ni *kale*. Nimeviweka pamoja kwa sababu kila kimoja kinakisaidia kingine kujibu swali ambalo wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili hatujalishughulikia vya kutosha: mtunzi anapokusudia kusimulia maisha ya watu walioishi kabla ya maandishi kufika kwao, atawasemesha kwa lugha gani, na wakati wao ataupima kwa kipimo gani?

Swali hili huonekana kuwa la wahakiki wa fasihi, lakini kiini chake ni cha kiisimu. Watu wa kale hawakutuachia barua wala kumbukumbu za mahakama. Walituachia vyungu, majembe, makaburi na maneno. Katika hivyo vyote, ni maneno peke yake yanayoendelea kutumika midomoni mwa wajukuu wao.

Hoja nitakayoitetea ni kwamba Kitereza aliweza kuandika riwaya ya zama za kabla ya maandishi bila kubuni ulimwengu wa ajabu kwa sababu lugha ya ulimwengu ule ilikuwa bado hai kinywani mwake. Pale ambapo lugha ya namna hiyo imenyamaza, ufundi wa mtunzi, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kuirejesha. Mwishoni nitaihamishia hoja hii Ukaguru, na hasa Berega, wilayani Kilosa, nyumbani kwangu, ili tuone inatudai nini sisi wenyewe.

2. Dhana ya "kabla ya historia"

Wanahistoria wa Ulaya wa karne ya 19 waliugawa wakati wa binadamu sehemu mbili kwa kigezo cha maandishi. Penye maandishi pana historia. Pasipo na maandishi pana kitu kingine, nacho kikaitwa "kabla ya historia". Kwa kigezo hicho, zama hizo zilikoma Misri na Mesopotamia zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Katika pwani yetu zilikoma kwa nyakati mbalimbali, kadiri miji ya Waswahili ilivyopata maandishi ya Kiarabu na wageni walivyoiandika miji hiyo. Kusini mwa Ziwa Nyanza zilikoma katika karne ya 19, Speke alipofika huko mwaka 1858 na Stanley mwaka 1875. Ukaguru nako hali ilikuwa hiyo hiyo: njia za misafara zilipita, wasafiri wakaandika shajara zao, na kufikia mwaka 1880 wamisionari wa CMS walikuwa wamekwisha kujenga kituo Mamboya, jirani na Berega.

Tazameni matokeo ya kigezo hiki. Mtoto aliyezaliwa Mamboya mwaka 1870 alizaliwa "kabla ya historia"; na kama alijaliwa kufikia utu uzima, alizeekea ndani ya historia. Hata hivyo jembe lake, shamba lake, miiko ya ukoo wake na lugha aliyoota nayo ndoto havikubadilika siku ile mgeni alipochovya kalamu kwenye wino. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na mtu wa kuandika habari zake, na mtu huyo hakuwa wa kwao.

Mgawanyo huo haukubaki vitabuni tu. Mwaka 1963 mwanahistoria wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa isipokuwa ile ya Wazungu barani humu. Jibu la kitaaluma lilikuwa limekwisha kuanza kutolewa. Jan Vansina alikuwa amechapisha mwaka 1961 kitabu chake juu ya mapokeo simulizi kama chanzo cha historia, na mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri historia ya Tanzania iliyoanza mbali kabla ya ukoloni. Riwaya ninayoizungumzia leo ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya mabishano hayo yote, ila wabishani hawakuijua.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kirai "kabla ya historia" kimejengwa kwa *kabla*, neno lenye asili ya Kiarabu, na *historia*, lililotoka Ulaya. *Zamani*, *karne* na *tarehe* nayo yana asili ya Kiarabu. Lakini *kale* ni neno la Kibantu, lenye ndugu katika lugha nyingi za familia hii. Tunasema *tangu kale*, *watu wa kale*, *hapo kale*. Neno hili halidai kwamba jambo fulani lilikosekana. Linaonyesha umbali tu: huko nyuma, kupita pale kumbukumbu ya msemaji inapoweza kuhesabu. Hivyo Kiswahili kilikuwa na istilahi yake ya wakati usioandikwa muda mrefu kabla ya kutafsiri ile ya wageni, na istilahi hiyo haikuwa na dharau ndani yake.

3. Watu wa kale katika riwaya za ulimwengu

Ulaya na Marekani zina mapokeo marefu ya riwaya za zama za mawe. J.-H. Rosny aîné alichapisha *La Guerre du feu* kama kitabu mwaka 1911. William Golding alitoa *The Inheritors* mwaka 1955, akijaribu kuutazama ulimwengu kwa macho ya watu wa Neanderthal. Na mwaka ule ule wa 1980 riwaya ya Kitereza ilipotoka, Jean Auel wa Marekani alitoa *The Clan of the Cave Bear*, kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu sita uliokamilika mwaka 2011 na kumpatia umaarufu mkubwa duniani.

Waandishi hawa wote walikabiliwa na tatizo moja: wahusika wao waseme nini, na kwa namna gani? Golding aliwapa watu wake fikra za picha zaidi ya maneno. Auel aliwafanya watu wake wa Neanderthal wawasiliane zaidi kwa ishara za mikono, na maneno machache tu ya kutamka. Uamuzi huo ulitegemea mawazo ya kisayansi ya wakati wake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1983, mfupa wa koo wa mtu wa Neanderthal ulifukuliwa katika pango la Kebara, Israeli, na mjadala juu ya uwezo wa watu wale wa kutamka ukachukua sura mpya. Siwalaumu waandishi hao. Ninachotaka tukione ni kwamba mtunzi anayejenga watu wa kale kutokana na mifupa yumo mikononi mwa mifupa hiyo. Ukipatikana mwingine, wahusika wake hutikisika.

Nchi yetu ina mifupa mingi kuliko nchi nyingi. Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua Olduvai fuvu la zamadamu lililopewa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75, na mwaka 1978 zilipatikana Laetoli nyayo zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Hata hivyo riwaya ya Kiswahili haikuielekea sana njia hiyo. Muhammed Said Abdulla aliupa utangulizi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili jina la *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, lakini humo watu wa kale ni mahali panapoogopwa, na kisa chenyewe ni cha Bwana Msa na watu wa zama zake. Aliyewarejesha watu wa kale wakiwa hai, wakilima, wakigombana na kupatana, ni Kitereza.

4. Mtunzi na safari ya muswada

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akiwa na nasaba ya ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alilelewa wakati mila za Wakerewe zilipokuwa bado zina nguvu, kisha akasomeshwa na Mapadri Weupe, akaendelea na masomo katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Huko alijifunza Kilatini na lugha nyingine. Kwa hiyo alikuwa mtu wa pande mbili: utoto wake ulikuwa wa masimulizi ya barazani, na ujana wake ulikuwa wa vitabu. Yeye na mkewe Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja aliye hai. Msomaji anayejua jambo hilo hawezi kuisoma kwa wepesi riwaya inayoanza na mume na mke wanaopendana na kukosa mtoto.

Kitereza alimaliza kuiandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Alikusudia kuwahifadhia vizazi vijavyo lugha na desturi za wahenga, na akaona njia nzuri ni kuwaonyesha wahenga hao wakiishi. Padri Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo na kuushughulikia muswada, lakini juhudi za kupata mchapishaji hazikufua dafu. Ni nani angechapa kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja? Katika miaka ya 1960 watafiti Wamarekani Gerald na Charlotte Hartwig walifika Ukerewe na kuifanya kazi hiyo ijulikane kwa wanataaluma. Mtunzi, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya muswada wa Kikerewe kukamilika. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mikononi.

Baada ya hapo kitabu kilisafiri. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani katika juzuu mbili, mwaka 1991 na 1993. Tafsiri ya Kifaransa ilifuata katika muongo ule ule. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na Mkerewe mwenyewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa kutokana na Kikerewe cha asili, akaiongezea kichwa kidogo kinachoiita jamii ile jamii ya kale ya Kiafrika.

Mfano wa Achebe unatusaidia kuipima kazi hii. *Things Fall Apart* ilitoka mwaka 1958, miaka 13 baada ya muswada wa Kitereza kukamilika. Achebe anaionyesha jamii yake ili hatimaye tumwone mgeni akiivunja. Kila ukurasa wa mwanzo unaelekea kwenye ujio huo. Kitereza hamleti mgeni. Watu wake hawaishi kwa kungoja kuvamiwa. Matatizo yao ni yao wenyewe: utasa, masimango ya ndugu, maradhi, njaa, wivu, kifo.

5. Wakati unavyopimwa ndani ya riwaya

Riwaya haijajengwa juu ya miaka ya kalenda, lakini haielei hewani. Chukueni tukio linalousukuma msuko wa sehemu ya kwanza. Ndugu wa Myombekere wanamsimanga Bugonoka kwa kutozaa. Wazazi wake wanakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Myombekere anakwenda kwa wakwe zake kuomba mkewe, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Kuanzia hapo msomaji hawezi kuharakishwa. Ndizi lazima zipatikane, ziive, zikamuliwe, pombe ichachuke, na wabebaji wapatikane. Mume anayetaka mkewe arudi analazimika kungoja kama pombe inavyongojewa. Wapo wahakiki walioona kwamba maelezo ya namna hii ni ya kietinografia na yanaichelewesha hadithi. Kwa maoni yangu, ucheleweshaji huo ndio saa ya riwaya hii. Muda wa toba ya Myombekere ni muda wa kutengeneza pombe.

Hali kadhalika maamkizi. Kitereza huwaacha wahusika wake waamkiane kwa ukamilifu, na msomaji wa leo, aliyezoea ujumbe mfupi wa simu, huenda akachoka. Lakini katika jamii isiyo na hati, maamkizi ndiyo kumbukumbu ya nani ni nani kwa nani. Kila mara mkwe anapomwamkia mkwe, mkataba wa ndoa unasomwa upya mbele ya mashahidi.

Kipimo kingine ni kizazi. Jina la riwaya lina majina manne: mume na mke, kisha mwana na binti. Jina la Ntulanalwo lenyewe ni sentensi nzima, yaani "naishi nacho", na kinachokusudiwa ni kifo. Kiambishi *-lwo* kinarejelea nomino ya ngeli ya *lu-*, na nomino hiyo haitajwi. Mwanaisimu atafurahia hapo jinsi sarufi inavyofanya kazi ya adabu: mzazi anakitaja kifo kwa kiwakilishi tu, bila kuliita jina lake.

Hapa napenda kurejea hoja mashuhuri ya John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alitumia maneno ya Kiswahili *sasa* na *zamani* kudai kwamba fikra za jadi za Mwafrika zina wakati uliopita mrefu na wakati uliopo, ilhali wakati ujao wa mbali haupo. Riwaya ya Kitereza inaitia hoja hiyo katika mtihani mgumu. Kisa kizima kinasukumwa na mtu ambaye bado hajazaliwa. Mganga Kibuguma anatafutwa, dawa zinanywewa na miiko inashikwa kwa ajili ya mtoto atakayekuja siku isiyojulikana. Watu wanaotumia nusu ya kitabu wakimngoja mtoto hawawezi kuelezwa kuwa hawana wakati ujao. Wanao, ila hawauwekei namba.

6. Kiswahili mbele ya kale ya watu wengine

Kitereza alipoamua kutafsiri, alikutana na tatizo ambalo Auel hakukutana nalo. Alikuwa na wahusika waliojaa lugha, ila lugha yao ilikuwa Kikerewe. Na Kiswahili alichokiendea kimebeba ndani yake historia ile ile ambayo wahusika hao hawajaipitia. Maneno kama *habari*, *safari*, *rafiki*, *subira*, *mahari* na *talaka* yaliingia Kiswahili kwa njia ya Bahari ya Hindi. Kuwasemesha Wakerewe wa kale kwa maneno hayo ni kuwavika nguo za karne nyingine.

Hata hivyo tukichambua matabaka ya msamiati, tunagundua jambo la faraja. Maneno yanayobeba uti wa mgongo wa kisa hiki ni ya tabaka la kale la Kibantu: *mke*, *mume*, *mkwe*, *mtoto*, *kuzaa*, *mganga*, *mzimu*, *pombe*, *jembe*, *mvua*, *mwezi*. Hili la mwisho linatosha kutufundisha mengi, kwa kuwa mwezi wa angani na mwezi wa kuhesabia siku ni neno moja. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na akiba yake ya kale. Kitereza, kwa kusimulia mambo ya nyumbani na shambani, aliichota akiba hiyo kwa wingi kuliko waandishi wengi wa mijini wa wakati wake.

Lakini tofauti za matawi zilibaki. Kikerewe ni lugha ya Maziwa Makuu, na katika uainishaji wa Guthrie kimo katika kundi la E, namba 24. Kiswahili kimo katika kundi la G, namba 42. Kikaguru ni G12, jirani wa Kigogo, G11. Maana ya namba hizi kwa mfasiri ni kwamba dhana zinazofanana hazikugawanywa kwa mipaka ile ile. Ndiyo sababu Kiswahili cha kitabu hiki husikika mara nyingine kama cha mtu anayefikiri kwa Kikerewe. Wapo waliokiona kuwa si sanifu. Mimi naona kwamba usanifu uliokamilika ungemgeuza Myombekere kuwa mtu wa Dar es Salaam.

Jina la kitabu lenyewe ni mfano mzuri. *Bwana* na *Bibi* ni maneno ya heshima ya pwani, na hakuna Mkerewe wa kale aliyeitwa hivyo. Je, mtunzi alipotoka? La. Katika Kiswahili cha Tanzania cha kizazi chake, *bwana* ni mume pia, na *bibi* ni mke. Jina hilo linasomeka kwa namna mbili kwa pamoja: linawapa wakulima wawili wa kisiwani heshima ambayo ukoloni uliwanyima wenzao, na linatuambia tangu jaladani kwamba hii ni habari ya mume na mkewe. Watoto wanatajwa kwa majina matupu, kwa kuwa heshima ya namna hiyo hawajaifikia.

7. Yaliyoachwa nje

Ingekuwa kosa la kitaaluma kuichukulia riwaya hii kama picha kamili ya Ukerewe ya kale. Utafiti wa Gerald Hartwig, uliochapishwa mwaka 1976, ulionyesha kwamba katika karne ya 19 Wakerewe walikuwa wamejiingiza katika biashara ya masafa marefu. Pembe za ndovu na bidhaa za pwani zilibadilisha nguvu za watawala na mahusiano ya watu. Kitereza, mwenye nasaba ya watawala, aliamua kukaa na mkulima na nyumba yake, mbali na siasa za ikulu na za misafara.

Uamuzi huo una gharama. Kale ya Kitereza ni tulivu kuliko kale yenyewe ilivyokuwa. Utumwa na ukatili wa wenye nguvu havionekani kwa uzito unaostahili, na mpangilio wa jamii unaomtwisha mwanamke lawama ya utasa unaonyeshwa kwa uchungu, lakini hauhojiwi hadi mwisho. Msomaji mwangalifu atakisoma kitabu hiki sambamba na cha Hartwig, maana kimoja kinatupa nyakati na biashara, kingine kinatupa chakula, machozi na salamu.

8. Berega na Ukaguru: riwaya ambayo haijaandikwa

Sasa niihamishe hoja Ukaguru. Tujiulize: kama Kitereza angekuwa Mkaguru wa Berega, angeandika kisa kile kile? Asingeweza. Wakerewe hufuata ukoo wa baba, ilhali Wakaguru kwa jadi hufuata ukoo wa mama. Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwaka 1957, ameueleza mfumo huo katika vitabu kadhaa. Katika mfumo wa namna hiyo, mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ana sauti kubwa juu ya wapwa zake. Mwanamke asipozaa, ukoo unaopungukiwa kwanza ni wa kwao mwenyewe. Kwa hiyo masimango yangetoka pande nyingine, faini ingedaiwa kwa hoja nyingine, na neno *mjomba* lingebeba mzigo ambao Kiswahili sanifu hakijaliandaa kuubeba. Kisa kingine kabisa kingezaliwa. Kale haiko moja. Kila tawi la lugha limeihifadhi kwa mkato wake.

Je, Ukaguru una akiba ya lugha ya kumwezesha mtunzi kufanya kazi hiyo? Joseph Last wa CMS, aliyeishi Mamboya, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Malin Petzell wa Sweden alichapisha mwaka 2008 kitabu cha sarufi, matini na msamiati wa lugha hiyo. Kati ya vitabu hivyo viwili kuna miaka 122. Beidelman naye alikusanya na kuchapisha ngano nyingi za Wakaguru, zikiwamo zile za Sungura na Fisi. Tunawashukuru. Lakini angalieni jambo moja: wote watatu walitoka nje, na wote waliandika kwa Kiingereza. Mzee wa Berega aliyesimulia safari za wahenga na asili ya jina la ukoo wake hawezi kuusoma usemi wake mwenyewe akauelewa bila mkalimani.

Hali hii haitokani na uvivu wa watu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na kwa haki kabisa kikatuunganisha. Mimi ni mtumishi wa lugha hiyo na sina nia ya kuirudisha nyuma. Lakini hakuna sera inayomzuia mwanafunzi kurekodi namna nyanya yake anavyotengeneza pombe, anavyoezeka nyumba au anavyomwamkia mkwewe, hatua kwa hatua, kwa lugha ya nyumbani. Orodha ya msamiati peke yake haitoshi. Neno la kale hukaa ndani ya kazi. Litoe katika kazi yake, nalo litabaki na maana moja kavu ya kamusi.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika idara zetu za lugha aandike, kama sehemu ya tasnifu au zoezi la uwandani, maelezo kamili ya kazi moja ya jadi katika lugha ya kwao, yakiambatana na tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na yeye mwenyewe. Pili, maandiko hayo yahifadhiwe mahali ambapo watu wa kijiji husika watayafikia, na nakala moja irudishwe kijijini. Faida itakuwa ya Kiswahili vilevile. Lugha inayotaka kuwa ya Afrika nzima inahitaji maneno ya mbegu, udongo, ukoo na uganga, na maneno hayo yamo katika lugha za majirani zake.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba istilahi "kabla ya historia" inatueleza zaidi habari za aliyeshika kalamu kuliko za waliokosa kalamu. Kwamba riwaya ya Kitereza inaupima wakati kwa pombe, salamu, mimba na vizazi, na kipimo hicho ni halali. Na kwamba Kiswahili, pamoja na tabaka zake za mkopo, kina akiba ya kale inayotosha kuisimulia kale ya majirani zake, mradi mfasiri asione haya kuacha lahani ya kwao isikike.

Kitereza alianza kuandika wakati wazee waliomfundisha desturi walikuwa bado wanakumbukwa kwa majina na kwa maneno yao. Huko Berega, Mamboya na vijiji vingine vya Ukaguru, wapo wazee wa miaka 80 na 90 wanaoweza kueleza kwa Kikaguru mambo ambayo wajukuu wao wanayaeleza kwa Kiswahili cha jumla jumla tu. Muda tulio nao wa kuwasikiliza ni mfupi kuliko ule uliotumika kukichapa kitabu cha Kitereza. Wanafunzi wanaotoka Kilosa, Gairo na Mpwapwa ambao mmo humu ukumbini, likizo yenu inakaribia. Nendeni na daftari.